Quantum of Solace: ni nini hasa kilichoiangusha baada ya Casino Royale?

Mwana wa Barabara ya Nane (Ngamiani, Tanga)

Waungwana, assalaam alaykum na habari za jioni.

Nina swali ambalo limenikaa rohoni tangu Alhamisi iliyopita, nami naliweka hapa kwa sababu najua humu wamo watu wanaoitazama filamu kwa jicho la kazi. Hapa mtaani kwetu tuna kawaida ya kukusanyika barazani kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, tukatundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta, na sasa tunazipitia filamu za James Bond za enzi ya Daniel Craig kwa mpangilio wake. Casino Royale ya mwaka 2006 tuliitazama kwa utulivu ambao sijauona barazani petu kwa muda mrefu. Ni filamu ya dakika 144, na kiini chake ni watu walioketi mezani wakicheza karata, lakini hata vijana wa bodaboda, ambao kwa kawaida hutoka nje kila simu inapolia, waliketi hadi Vesper, mpenzi wa Bond, alipozama kule Venice na Bond akabaki na mwili wake mikononi.

Wiki iliyofuata tukaweka Quantum of Solace ya mwaka 2008. Nilikuwa nimewaahidi watu kwamba hii inaanza pale pale ile ilipoishia, kwamba Mr. White, yule aliyepigwa risasi ya mguu mwishoni mwa filamu ya kwanza, yumo ndani ya buti la gari la Bond, na kwamba sasa tutawajua waliomtumia Vesper mpaka akaangamia. Ahadi hiyo haikuwa ya uongo, kwa kuwa yote hayo yamo. Hata hivyo, haikufika nusu saa, mzee mmoja jirani yangu, ambaye katika ujana wake hakupitwa na picha mpya pale sinema ya Majestic, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu anayekimbia juu ya mapaa ndiye stelingi au ndiye adui?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikatambua kwamba hata mimi sikuwa na hakika. Tulikuwa bado Siena, pale mbio za farasi za Palio zinapochanganywa na Bond anayemfukuza mlinzi aliyemsaliti M, yaani mkuu wake Bond, na mbele ya macho yetu vilikuwa vikipita kwato za farasi, vigae, mkono, bastola, uso wa mtu, kisha kwato tena, kila kimoja kikiondolewa kabla jicho halijakipokea.

Filamu ilipokwisha hakuna aliyebaki kuizungumza. Watu walikunja mikeka wakaenda zao, na baraza ambalo wiki moja nyuma lilikesha likibishana kama Vesper alikuwa msaliti au mhanga, safari hii lilikuwa tupu kabla ya saa nne na nusu.

Kinachonitatiza ni kwamba viungo vyote vilikuwepo. Mwigizaji ni yule yule, Judi Dench ni yule yule katika nafasi ya M, waandishi waliotajwa kwenye filamu hizi mbili ni wale wale, kisa kilikwisha kuwekewa msingi imara, na fedha hazikukosekana. Je, kosa ni la muswada, la mwongozaji, au la mhariri? Naomba jibu la mtu aliyeitazama, kwa sababu kusema tu kwamba "ni mbaya" hakunisaidii.

Mhariri wa Kaole (Bagamoyo)

Wa alaykum salaam, kaka. Umeuliza jambo ambalo sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tukikata na kuunganisha picha tumekwisha kulijadili sana hapa Bagamoyo, nami nitakujibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na muswada, kwa kuwa humo ndimo ugonjwa ulimoanzia. Chama cha waandishi wa filamu cha Marekani kiligoma kuanzia tarehe 5 Novemba 2007 hadi tarehe 12 Februari 2008, na Paul Haggis, aliyekuwa akiuandika upya muswada huu, aliukabidhi saa chache tu kabla ya mgomo kuanza. Upigaji wa picha ulianza Januari 2008, maana yake ni kwamba wiki za kwanza za kazi ziliangukia katikati ya mgomo, wakati ambapo hakuna mwandishi wa chama aliyeruhusiwa kushika kalamu. Daniel Craig mwenyewe alieleza baadaye kwamba yeye na mwongozaji Marc Forster walilazimika kuziandika upya baadhi ya sehemu wenyewe, ilhali yeye si mwandishi. Na tarehe ya kutoka haikungoja mtu, kwani mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo filamu ilikuwa tayari inaoneshwa London.

Ukiijua historia hiyo utaelewa kwa nini filamu ina dakika 106 tu, fupi kuliko filamu nyingine yoyote ya Bond katika mfululizo huo. Ufupi peke yake si kosa. Lakini hapa kilichopunguzwa ni yale mazungumzo na vituo vya kupumulia ambavyo ndivyo humfanya mtazamaji ajue nani anataka nini na kwa nini.

Sasa nije kwenye uhariri, ambao ndio uliomfanya mzee wako akuulize swali lile. Linganisha na sehemu za mwanzo za Casino Royale, pale Bond anapomfukuza mtengeneza mabomu kule Madagaska, mtu aliyeigizwa na Sébastien Foucan. Wanapanda winchi ya ujenzi, wanaruka kutoka winchi moja hadi nyingine, lakini kila wakati mwongozaji Martin Campbell anakuacha uone umbali ulio kati yao, urefu wa kuanguka, na mahali ambapo mguu utatua. Yule mwingine anapita katika upenyo juu ya ukuta kama paka, na Bond anaupasua ukuta kwa mwili wake. Katika sekunde hizo umekwisha kumjua Bond ni mtu wa namna gani bila kuambiwa neno. Ukimfuata kwa macho, moyo nao unafuata.

Katika Quantum of Solace, kikosi kilichopiga sehemu za mapambano kiliongozwa na Dan Bradley, ambaye alikuwa ametoka kufanya kazi hiyo hiyo kwenye filamu za Jason Bourne, na mmoja wa wahariri wawili, Richard Pearson, naye alikuwa amehariri The Bourne Supremacy. Hao ni mafundi wakubwa na simtii doa hata mmoja wao. Tatizo ni kwamba mtindo ule wa mikato ya haraka ulikuwa na sababu pale ulipozaliwa. Bourne ni mtu aliyepoteza kumbukumbu, mwili wake unajua kupigana kabla akili yake haijajua kwa nini, kwa hiyo kumpa mtazamaji vipande vilivyovunjika ni kumtia ndani ya kichwa cha Bourne. Bond hajasahau kitu. Taabu yake ni kinyume cha hiyo, kwa kuwa anakumbuka mno. Ukimkata vipande vipande kama Bourne, umemvika kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Nikupe na jambo la kazini kwangu. Mwaka jana nilihariri filamu fupi yenye ugomvi wa watu wawili ufukweni, na nilipofika mezani nikakuta hatukupiga picha ya mbali hata moja inayoonesha ufukwe mzima. Nilichofanya ni kukata haraka haraka ili pengo lisionekane. Vijana waliitazama wakasema ina kasi nzuri. Mama yangu aliitazama akaniuliza kwa nini yule mwenye shati jekundu amempiga mwenzake halafu akaanguka yeye. Tangu siku hiyo najua kwamba mkato wa haraka unaweza kuwa nguvu na unaweza kuwa stara, na kazi ya mtazamaji makini ni kutambua ni upi kati ya hayo mawili.

Nahodha Mstaafu (Tanga)

Vijana wangu, salaam. Mimi si mtu wa filamu, lakini miaka yangu mingi nimeimaliza majini kati ya Tanga, Pangani na Pemba, kwa hiyo nitasema juu ya sehemu moja tu, ile ya boti kule Haiti, ambayo nimesikia kwamba kwa kweli ilipigwa Panama.

Bond anaendesha boti, amemchukua yule binti Camille, na boti nyingine zinawafuata. Wakati fulani anarusha ndoano yenye kamba ikanasa kwenye boti ya adui, na kufumba na kufumbua ile boti imeinuka omo juu na kupinduka. Niliitazama nikaomba irudishwe, ikarudishwa, na bado sikuelewa imepinduliwa na nini. Chombo hakipinduki kwa kuguswa. Ili nanga au ndoano ipindue chombo kinachokwenda kasi ni lazima kamba iwe imefungwa mahali pasipotikisika, ikaze ghafla, na ivute ubavuni au iinue omo huku mashine za tezi zikiendelea kusukuma. Hilo linawezekana, nami nimewahi kuona ngalawa ikilazwa ubavu kwa kamba ya nyavu iliyonasa mwambani, na waliokuwemo wakaokolewa wakiwa wameushikilia mti wa ngalawa. Lakini nilichokiona siku ile, na ambacho kimebaki machoni mwangu hadi leo, ni ile kamba ikikaza. Ilitoka majini ikinyoosha polepole, ikidondosha matone, ikalia. Kila aliyekuwa karibu alijua kitakachofuata na hakuna aliyeweza kukizuia.

Waliotengeneza filamu ile walikuwa na boti za kweli na bahari ya kweli, na watu jasiri waliohatarisha maisha yao, kisha wakaninyima nafasi ya kuiona kamba ikikaza. Mimi naona hilo ni kuwadhulumu hata wale walioendesha zile boti.

Kijana wa Makorora (Tanga)

Kwa heshima zote, mimi naipenda filamu hii na sioni haya kusema hivyo. Ile sehemu ya Bregenz, Austria, kwenye jukwaa lililojengwa juu ya maji ya ziwa, wakati opera ya Tosca inaendelea na wanachama wa kundi la Quantum wanafanya kikao chao kwa siri kupitia vipokea sauti masikioni huku wakiwa wametawanyika miongoni mwa watazamaji, ni miongoni mwa sehemu bora kabisa katika filamu zote za Bond. Bond anaingilia mazungumzo yao, wanashtuka na kuinuka kuondoka, naye anawapiga picha mmoja mmoja. Huwezi kusema filamu yenye akili ya namna hiyo ni ya kutupwa. Isitoshe, ilikusanya zaidi ya dola milioni 580 duniani, kwa hiyo wako wengi walioridhika.

Binti Chumbageni (Tanga)

Shikamoo Nahodha, na salaam kwa kaka zangu wote. Mdogo wangu wa Makorora, mauzo ya tiketi yanatuambia watu wangapi waliingia, na wengi wao waliingia kwa sababu ya Casino Royale. Hayatuambii walitoka na nini. Kuhusu Bregenz ninakubaliana nawe kabisa, nami nitairudia.

Ninamshukuru Mhariri wa Kaole kwa maelezo yake, lakini naona mgomo na uhariri vinaeleza kwa nini filamu ilichechemea tu, wala havielezi kwa nini haikutuuma. Mimi ninaamini filamu hii ilikuwa na jambo moja tu la kutuambia, nalo ni msiba.

Tazameni jina lake. Limetoka katika hadithi fupi ya Ian Fleming iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1960, For Your Eyes Only, ambayo wala haina upelelezi. Ni kisa cha ndoa iliyovunjika, anachosimuliwa Bond na gavana baada ya chakula cha usiku. Maana ya maneno yale ni kiasi cha faraja, yaani ile chembe ya huruma ambayo ikiisha kati ya watu wawili, mapenzi nayo yamekwisha. Jina kama hilo likipewa filamu inayoanza mara tu baada ya mwisho wa Casino Royale, mtu akiwa bado na msiba wa mwanamke aliyempenda, aliyemsaliti na papo hapo kumwokoa, nilitarajia filamu itafute hiyo chembe iko wapi.

Sisi huku pwani tunajua mtu aliyefiwa anavyotendewa. Haachwi peke yake. Ataketishwa mkekani, watu watakuja kumpa mkono wa pole, wengine watakaa naye bila kusema neno, chakula kitapikwa na majirani, na siku ya kuanua tanga ataruhusiwa kurudi katika shughuli zake. Bond hakuketi matanga hata saa moja, na filamu nayo ikakataa kuketi kwa niaba yake. Hilo lingeweza kuwa wazo zuri sana, mtu anayekimbia msiba wake kutoka Italia hadi Haiti hadi Austria hadi Bolivia. Lakini ili tuone kwamba anakimbia, ni lazima filamu yenyewe isimame mahali fulani tumwone anavyopita. Ikikimbia sambamba naye, sote tunaona vumbi tu.

Na mahali ilipothubutu kusimama, ilikuwa nzuri. Kuna ile safari ya usiku ndani ya ndege, Bond yuko kwenye kaunta hawezi kulala, rafiki yake Mathis anamuuliza anakunywa nini, naye hajui; anayetaja vilivyomo kwenye glasi ni mhudumu, na aliyeitazama Casino Royale anatambua kwamba ni kinywaji kile kile alichokipa jina la Vesper. Hilo ni tukio la msiba kamili, limetulia, na hakuna aliyekurupuka. Kisha Mathis anauawa La Paz, na kabla ya kukata roho anamsihi Bond amsamehe Vesper na ajisamehe mwenyewe. Bond anamkumbatia hadi mwisho, kisha anauweka mwili wake ndani ya pipa la taka na kuchukua fedha zilizomo katika pochi yake. Mama yangu alipoliona hilo alisimama akaenda jikoni, hakurudi tena. Mimi simlaumu mwandishi kwa kuliweka, kwa sababu linaonesha jinsi Bond alivyoharibika. Ninamlaumu kwa kuondoka hapo kama vile hakuna kilichotokea, kwa kuwa tendo kama hilo, katika filamu inayojua uzito wa maiti, lingemrudia aliyelitenda.

Jambo la pili ni maji. Wengi walilalamika kwamba adui, Dominic Greene, ana mpango usiovutia, eti anaiba maji ya Bolivia kwa kuyazuia chini ya jangwa. Mimi naona huo ni mpango wa kutisha kuliko mabomu. Kule Cochabamba, Bolivia, mwaka 2000 watu walijaa barabarani kupinga maji yao kukabidhiwa kampuni binafsi na bei kupandishwa, kwa hiyo filamu haikuokota jambo hilo hewani. Na sisi tunaotegemea Mto Zigi na bwawa la Mabayani, tukiamka asubuhi bomba likatoa hewa badala ya maji, hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Filamu ilikuwa na picha yake tayari: wanakijiji na ndoo zao, bomba likidondosha matone ya mwisho. Picha hiyo ilipewa muda mfupi kuliko moto wa hoteli kule jangwani. Laiti tungemfahamu hata mwanamke mmoja wa kijiji kile kwa jina, Greene angekuwa adui wetu sote.

Narudi Bregenz. Pale risasi zinapoanza, sauti inazimwa, inabaki muziki wa Tosca peke yake, na vipande vya jukwaani vinaunganishwa na vya watu wanaouana. Mikato ni mingi vile vile, kaka Mhariri, ila safari hii kila mkato una kitu unachosema, kwa sababu kwanza tulipewa dakika kadhaa za kukaa, kusikiliza na kujua nani yuko wapi. Kwa hiyo mimi nasema mafundi walikuwa na uwezo. Walichonyimwa ni muda.

Mhariri wa Kaole (Bagamoyo)

Dada, hoja ya Bregenz ninaipokea yote. Nilikuwa nimeuhukumu mtindo wenyewe, na umenionesha kwamba ndani ya filamu hiyo hiyo upo mahali ulipofanya kazi. Niongeze tu kwamba miaka minne baadaye, walipompa Sam Mendes filamu ya Skyfall, walirudi kwenye dakika 143, na filamu ile ikavuka dola bilioni moja. Watazamaji hawakuwa wamechoka kusubiri.

Mwana wa Barabara ya Nane (Ngamiani, Tanga)

Ahsanteni sana. Narudi na habari za jana usiku, kwa sababu baada ya kusoma maneno yenu niliomba ruhusa ya baraza turudie baadhi ya sehemu, na Nahodha akatuheshimu kwa kufika mwenyewe.

Ile ya boti tuliirudia mara tatu. Wako walioiona ndoano na wako ambao hadi mwisho hawakuiona, na Nahodha alilazimika kutumia kamba ya kuanikia nguo na kiti cha plastiki kutuonesha ingekuwaje. Watoto walikielewa kile kiti kuliko ile filamu. Bregenz tuliitazama yote bila mtu kusogea, na kijana wa Makorora ana haki ya kufurahi.

Lakini ninachotaka kuwaambia hasa ni tukio la mwisho, kule Kazan, Urusi, ambalo mara ya kwanza lilitupita kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuchoka. Bond ameketi gizani ndani ya nyumba ya Yusef, yule mwanamume aliyemlaghai Vesper, na Yusef anaingia na mwanamke mwingine aliyevaa kidani kama kile cha Vesper. Bond hamuui. Anamwonya yule mwanamke aondoke, kisha anatoka nje kwenye baridi, anazungumza na M maneno machache, na akiondoka kidani cha Vesper kinabaki kwenye theluji. Dada wa Chumbageni, nilikuwa nimekwisha kusoma ulichoandika juu ya kuanua tanga, nikajikuta nimeshika pumzi.

Mzee jirani yangu aliniomba nimrudishie pale kidani kinapoanguka. Nikamrudishia. Akatazama, akanyamaza kidogo, akauliza kama ile picha ya kwanza, ya binti aliyezama, bado ninayo. Alhamisi ijayo tunaanza nayo upya, saa mbili na nusu kamili, na nyote mlio karibu mnakaribishwa.